Nyayo za Cha-cha-cha kwenye Ukoka wa Mzee Bwambale

Kwachu, kwachu, kwachu. Hiyo ndiyo sauti yenyewe, na hata leo mtu akipita barabarani na buti za mpira zilizoingia maji, uso wangu unapata moto kabla sijakumbuka kwa nini. Zilikuwa buti za Mzee Bwambale, nyeusi, kila moja ingetosha miguu yangu yote miwili, na ndizo zilizonivua nguo mbele ya wakwe wa watu (si nguo za mwilini, hizo nilikuwa nazo, tena mpya, lakini subirini). Watu wa Bwera wa rika langu hawahitaji kusimuliwa, walikuwepo au wanadai walikuwepo. Nawasimulia nyinyi mliosikia tu ile ya mitaani, kwamba kuna msichana alijipiga dawa ya magugu miguuni. Sikujipiga. Nilipiga majani, na niliyapiga vizuri, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya sabini. Mzee Bwambale alikuwa mnunuzi wa kahawa pale Bwera, na mimi, Biira, nilikuwa nimeshuka kutoka Kyarumba baada ya darasa la sita kuja kufanya kazi kwake: kuchambua kahawa, kufagia, kuteka maji. Kwetu kazi ya msichana ni kubeba mzigo kichwani kwenye njia iliyosimama kama ngazi, kwa hiyo Bwera, pamoja na malori yake ya kwenda mpakani na maduka ya Wakongo, nilipaona kama mwisho wa maendeleo. Masika, binti mkubwa wa Mzee, alinichukua kama mdogo wake. Tulilala chumba kimoja, alinipa mafuta yake ya kujipaka, na nguo ikimbana tu ilikuwa yangu.

Mzee alikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko kahawa, nacho ni ukoka. Alikuwa ameona nyumba za mabwana wakubwa kule Kasese zina uwanja wa majani mafupi mbele, kijani kitupu kama kitambaa, akaomba vipande, akavileta kwenye gunia lililoloweshwa, akavipanda kwa mkono wake mwenyewe. Kila jioni alitoka na kiti, akakaa pembeni ya uwanja (juu yake hapana, hata yeye hakujiruhusu), akauangalia. Mke wake, Mama Masika, alikuwa akisema, "Mimi nimemzalia watoto, na siku moja hajaniangalia hivyo."

Basi Masika akapata mchumba, kijana wa Kitswamba aliyekuwa na kazi kiwandani Hima, na wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja na mbuzi wa mahari Jumamosi. Mzee akasema watakaa kwenye ukoka. Shida ni kwamba mvua zilikuwa zimenyesha na ukoka ulikuwa umevamiwa. Kulikuwa na mbigili wa kuchoma makalio ya wageni, kulikuwa na kishona nguo wa kung'ang'ania suruali zao, na majani mengine mapana ambayo sijui jina lake yalijilaza kama yamelipa kodi. Kung'oa nilijaribu. Nilipiga magoti na kisu tangu asubuhi mpaka vidole vikawa vya kijani, mvua moja ikanyesha, yakarudi na ndugu zao.

Ndipo bwana shamba akaja na bomba la kubeba mgongoni na makopo mawili ya dawa, akatueleza polepole mimi na Mzee. Dawa ya kopo la kwanza inaua majani mapana tu, ukoka hausikii kitu. Hiyo ipigwe uwanjani, asubuhi, upepo ukiwa umelala. Dawa ya kopo la pili haichagui, kijani chochote inachokigusa kinaungua. Hiyo ni ya njia ya changarawe peke yake. Osha bomba kabla ya kubadilisha. Vaa buti. Mbuzi asile mahali palipopigwa. Mzee aliitikia kwa kichwa kila neno, kisha akanigeukia, "Umesikia, Biira?" kwa sababu yeye alikuwa hajasikia.

Nilikuwa nimesikia. Jumatano Mzee, Mama Masika, Masika na wadogo zake walipanda lori kwenda Kasese kununua soda na masufuria, na mimi nikavaa buti, nikabeba bomba, nikapiga dawa ya kwanza uwanja mzima, kwa mistari, bila kuruka mahali. (Yale magugu niliyaonea huruma, siwafichi. Lilikuwepo moja karibu na ngazi lenye ua dogo la njano, nikalifunika na kikopo dawa isilifikie, na Jumamosi lilikuwa bado linachanua kama halijui kilichowapata wenzake.) Nikapumzika, nikala, nikaosha bomba, nikaweka dawa ya pili, nikapiga njia ya changarawe kutoka barabarani mpaka mlangoni. Changarawe ikalowa, buti zikalowa, maji yakaingia mpaka kwenye vidole. Nikaosha bomba tena. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikanawa uso. Nikasimama na buti miguuni nikajiuliza, nizivue? Na uamuzi wangu, huo mdogo ulioniletea yote, ukawa kwamba nitazivua nikifika jikoni. Na jikoni nilikuwa nafika kwa kukata katikati ya uwanja.

Hapo sasa ndipo Kakule alipoweka santuri.

Niwaambie Kakule ni nani. Ng'ambo ya michongoma yetu kulikuwa na duka la fundi wa kushona, kijana Mkongo wa Butembo, aliyevuka mpaka wakati wa vita vyao na cherehani kichwani na gramafoni mgongoni, au ndivyo alivyokuwa akisimulia. Jumapili aliimba kanisani, siku nyingine zote alipiga santuri na kushona. Mimi nilikuwa na ndoto juu yake ambazo yeye hakuwa na habari nazo. Kwenye ndoto hizo tuko Kasese, ukumbi una taa za rangi, nimevaa viatu vya kisigino kirefu na watu wanasogea pembeni kutupisha. Katika maisha ya kweli tulikuwa tumezungumza juu ya vifungo.

Santuri yenyewe ilikuwa cha-cha-cha. Mguu mmoja mbele, urudi, halafu ile miguu mitatu ya harakaharaka, na buti zangu zikaitikia kwachu-kwachu-kwachu kama zimezaliwa kwa kazi hiyo. Nyumba haina mtu, uwanja wote wangu, nikasema hatua mbili tatu tu (hebu niambieni nani amewahi kucheza hatua mbili tatu tu), nikaenda, nikarudi, nikazunguka, nikalikumbatia bomba nikaliinamia kama bibi wa mjini, na miguu ikanivuta, ikanivuta, mpaka kwenye michongoma, mahali penye kitundu. Nikachungulia. Kakule alikuwa ameinama kwenye cherehani akishona gomesi ya Masika, lile gauni refu la kuvaa mbele ya wakwe, futi ya kupimia shingoni, anatikisa kichwa kwa muziki. Nikasimama pale mpaka santuri ikaisha. Sijui ni muda gani. Halafu nikapita mlango wa nyuma, nikavua buti kama mtu mwenye akili.

Alhamisi sikuona kitu, nilikuwa jikoni kutwa, na Mzee alikuwa ghalani mpaka giza. Ijumaa asubuhi Mama Masika akanituma nikaokote takataka uwanjani. Jua la Alhamisi lilikuwa kali, na dawa ya kwanza ilikuwa imefanya kazi: mbigili umejikunja, kishona nguo ameinamisha kichwa, ukoka kijani kama siku ya kwanza. Nikaanza kutabasamu. Halafu nikaona mguu.

Mguu wa manjano, wa majani yaliyoungua, kisigino na soli na ile mistari ya chini ya buti. Mbele yake mwingine. Kisha mitatu iliyobanana. Kisha duara zima. Cha-cha-cha yangu yote ilikuwa imeandikwa pale kuanzia kwenye changarawe mpaka kwenye michongoma, na kwenye michongoma kulikuwa na miguu miwili sambamba, imeungua mpaka udongo unaonekana.

Nilimwaga maji. Majani yaliyokufa yakilowa yanazidi kung'aa, hilo sikulijua. Nikanyunyiza majani mabichi yaliyokatwa, kuku wakaja wakachakura. Mwisho nikakimbilia ndani.

"Mama," nikasema, "wakwe wakalie mikeka. Ndiyo heshima."

Mama Masika akaniangalia. "Wewe na heshima ya wakwe mmejuana lini?"

Lakini wazo lilimpendeza, akatuma mikeka kwa majirani, na mimi mwenyewe nikaitandika, mkeka juu ya mguu, mkeka juu ya mguu, mpaka ukoka wote ukafunikwa. Mzee alipotoka na kiti chake nusura alie. "Nimeutunza huu ukoka ili uvishwe blanketi?"

"Kesho anayeolewa ni Masika," mke wake akamjibu. "Ukoka wako bado haujapata mchumba."

Jumamosi wakaja. Wazee wa Kitswamba na makoti yao, bwana harusi na shati jeupe, shangazi yake aliyekuwa ndiye msemaji wa kina mama, mwembamba, mrefu, macho ya kuhesabu nywele za kichwa chako, na sajini mmoja wa kambini Kasese, mtu wa Arua, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale lakini ndiye aliyekuwa na gari. Wote wakamwita afande, hata wazee. Wakaketi kwenye mikeka. Mbuzi wakafungwa kwenye mti nyuma ya ghala, mimi ndiye niliyewafunga, mbali na majani, na nilikuwa nimevaa gauni jipya alilonipa Masika, na nikaanza kuamini kwamba Mungu amepitisha.

Mungu alikuwa amempa beberu mmoja meno. Akakata kamba, akaja na ndevu zake mpaka ukingoni mwa uwanja, akainama kwenye ukoka.

Nikakumbuka bwana shamba, mbuzi asile. Nikamwona kichwani mwangu yule beberu amelala chali, macho yamegeuka. Sikufikiri kitu kingine, nikaruka juu ya miguu ya wazee, nikamshika pembe, akanivuta, nikaanguka, tukaburuta mkeka pamoja mimi na yeye. "Mbuzi wasile hapa," nikapiga kelele nikiwa chini.

Wazee wakaweka soda zao chini.

"Mbuzi wetu wana nini," shangazi akauliza, taratibu, "hata wanyimwe majani kwa wakwe?"

"Kuna dawa," nikasema. Na nilipoona wazee wanavyotazamana ndipo nikajua kuna namna bora ya kulisema hilo.

Sajini alikuwa ameshasimama. "Simama hapo. Usiguse kitu." Akaangalia pale mkeka ulipokuwa. "Hii ni nini?" Akanyanyua mkeka wa pili. Akanyanyua wa tatu. "Toa mikeka yote. Haraka."

Mikeka ikatolewa, na cha-cha-cha yangu ikajitokeza mbele ya koo mbili. Sajini akatembea kando yake, mikono nyuma. "Mutu moja. Buti. Ilienda mbele. Ikarudi. Ikaenda tena. Hapa ilizunguka. Huyu mutu alikuwa anapigana na nani?"

Mzee Bwambale alikuwa ameshika kichwa, nadhani kwa ajili ya ukoka. Shangazi akainama, akagusa ukingo wa unyayo mmoja kwa kidole, akainuka.

"Nimeona miguu ya watu kwenye matope, kwenye majivu, kwenye umande," akasema. "Miguu inayounguza majani sijaiona. Aliyetembea hapa usiku hakuwatakia mema hawa watoto, na sisi hatuwezi kumchukua binti kutoka mahali ambapo pametembewa hivi." Akawageukia vijana wao. "Fungueni mbuzi."

Masika alitoka ndani na ile gomesi yake, nzuri kuliko kitu chochote Kakule alichowahi kushona. Alimwangalia bwana harusi, bwana harusi akaangalia viatu vyake, na machozi yakaanza kumtoka Masika bila sauti, kama mtu aliyefungulia bomba akalisahau. Vijana walikuwa wameanza kwenda kwa mbuzi.

"Shangazi," nikasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni miguu yangu. Nilikuwa nacheza."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Nikamweleza: buti, changarawe, kopo la kwanza, kopo la pili, nikachanganya makopo kwenye maelezo ambayo sikuwahi kuyachanganya kwenye kazi. Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Msichana wa kazi anaweza kuubeba mzigo ili kuwafichia wenye nyumba," akasema. "Kama miguu ni yako, ingia ndani yake tuone."

"Leteni buti," Mzee akasema, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Jamani. Kuna kucheza, na kuna kucheza umevaa gauni na buti za mzee wa watu, saa nane mchana, bila muziki, mbele ya wakwe, huku sajini anakagua kila hatua. Nikaweka mguu wa kwanza. Ukaingia. Wa pili ukaingia. Mitatu ya haraka, kwachu-kwachu-kwachu. Sajini akasema, "Sawa. Endelea." Shangazi akawa anatembea kando yangu, macho chini. Nikaenda, nikarudi, jasho likanitoka hata nyuma ya magoti, na watoto waliokuwa kwenye ukuta wa ghala wakaanza kunong'ona hatua, moja, mbili, cha-cha-cha.

Halafu muziki ukaanza. Ng'ambo ya michongoma, santuri ileile. Mpaka leo Kakule anasema aliitambua cha-cha-cha kwa mlio wa buti tu, na mimi sijui kama nimwamini, lakini ulianza mahali penyewe, na miguu yangu ikasahau kwamba inaona aibu. Nikafika kwenye duara, nikazunguka. Kina mama wa Kitswamba wakapiga vigelegele. Afande akawa anapiga makofi bila kucheka, kama yuko gwaride. Hata Mzee niliona bega lake moja linakwenda.

Hatua zikanipeleka mpaka kwenye michongoma. Ile miguu miwili sambamba. Nikaingia ndani yake, nikasimama, kwa sababu hapakuwa na mguu mwingine wa kuendea, na santuri bado inaimba.

"Hapa je?" sajini akauliza. "Kwa nini ilisimama hapa? Imesimama sana. Imeungua mpaka chini."

Nikaangalia mbele. Shangazi akaja akasimama nyuma yangu, akaegemeza kidevu chake karibu na sikio langu, akachungulia kwenye kitundu. Alimwona Kakule kando ya gramafoni yake, na futi shingoni.

"Ahaa," akasema. Akanyooka, akawaangalia vijana wao kule nyuma. "Fungeni mbuzi."

Kicheko kilichotoka pale naamini walikisikia mpakani. Shangazi akapaza sauti juu ya michongoma, "Wewe fundi, njoo hapa."

"Mimi, mama? Mimi niko na kazi."

"Njoo uione kazi yako."

Akaja, akapita kwenye kijilango, wote wanamwangalia. Akazitazama nyayo kuanzia mwanzo, taratibu, kama anayekagua mshono, mpaka zikamleta nilipo. "Hii ni cha-cha-cha ya kweli," akasema. "Lakini iko na kosa. Pale kwa kuzunguka, muguu ya kushoto ilikawia." Halafu akaona ile miguu miwili ya mwisho, na inapoelekea, akashika futi yake shingoni, na masikio yake yakabadilika rangi. Nilitamani buti zile ziwe ndefu zaidi, zinifike kichwani.

Masika aliolewa, na ana watoto wakubwa sasa. Mzee alikuja kwangu jioni ya Jumamosi ile na kiti chake, akakaa, akaangalia uharibifu. Nikangoja anifukuze. "Biira," akasema hatimaye, "kwa nini hukucheza kwenye changarawe?" Hilo ndilo lililokuwa karipio langu lote. Kwa wiki kadhaa watoto wa Bwera walikuja kujifunza cha-cha-cha ndani ya nyayo zangu, pamoja na lile kosa la mguu wa kushoto, ndiyo maana mpaka leo kuna watu wa huku wanaokawia kwenye kuzunguka na hawajui wamelitoa wapi. Mimi dawa naendelea kupiga, lakini nikimaliza navua buti palepale kwenye changarawe, naziosha ndani na nje, naondoka miguu mitupu, hata kama ng'ambo wamekuja na bendi nzima.

Mvua iliporudi, Mzee alinipa kisu na ndoo ya vipande vya ukoka nilivyokata pembeni, nikaanza kuziziba zile nyayo. Familia ilikuwa imekwenda Kitswamba kumsalimu Masika. Nilipita cha-cha-cha yangu yote kwa magoti, nikitifua udongo, nikichomeka mizizi, nikishindilia kwa kiganja, mbele, nyuma, duara zima, na ng'ambo cherehani inakwenda. Nikafika kwenye ile miwili ya mwisho. Vipande vilikuwa bado vimo kwenye ndoo, vya kutosha. Nikaifunika ndoo kwa kanga yangu, nikainuka, nikapangusa magoti, nikaweka mguu wa kulia na mguu wa kushoto kwenye udongo mtupu, bila buti, bila sauti yoyote, nikasimama kwenye kitundu mpaka cherehani ikanyamaza na Kakule akainua macho.